Majani ya Mama Elinipendo

Marehemu Mama Elinipendo alizaliwa Machame tarehe 9 Juni 1955, kitindamimba wa mzee Ebenezeri Nkya. Alimaliza darasa la saba mwaka 1970. Alitamani kuendelea, lakini nafasi zilikuwa chache, na hasira za baba yake zilikuwa nyingi.

Alijifunza cherehani, akashona sare za shule sokoni Kwa Sadala hadi macho yalipochoka. Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na Sifael, mkulima wa kahawa, aliyemtangulia mwaka 2011. Walijaliwa Magreth na Eliakim.

Mwaka 1990 Eliakim alimwaga maziwa ya asubuhi, ndoo nzima. Mama akamzaba kofi, kisha akauona mkono wake ukifanana na wa mzee Ebenezeri. Jioni akachuma isale, jani letu la kuombea msamaha, akampelekea mtoto kwa mikono miwili. Jirani akashangaa: “Mama Magreth, isale kwa mtoto?”

“Kwani aliyepigwa ni nani?”

Tangu hapo, hasira ikimpanda alichukua mundu. “Ngoja nikakate majani ya ng'ombe.” Huku nyuma watoto walisuluhisha ugomvi wao wenyewe. Akirudi ametulia, aliuliza neno moja tu: “Mmefikia wapi?” Mzigo ukiwa mkubwa, walijua wamekosa sana. Eliakim alipobalehe, ng'ombe walinenepa.

Februari 2025 aliugua saratani ya ini. Madaktari wa Moshi walisema dawa iliyobaki ni ya maumivu tu. Yeye alitaka kubaki kwake. Magreth alitaka kumpeleka Dar, akapaza sauti mbele ya mgonjwa.

“Kakate majani kwanza, mwanangu.”

Magreth alirudi na mzigo wa kuelemea punda.

“Umefikia wapi?”

“Tubaki nyumbani, Mama.”

Alifariki tarehe 3 Mei, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Magreth.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na ng'ombe wawili walioshindwa kumaliza majani ya jana. Magreth aliyakata tangu alfajiri, macho makavu, moyo umekufa ganzi. Aliporudi, hapakuwa na wa kumuuliza amefikia wapi. Akajiuliza mwenyewe, kisha akaingia ndani kuchagua gauni la kumzika nalo mama yake.

Mama Elinipendo, weka mundu chini. Upumzike kwa amani.