Benchi Lisilokaliwa

Kosa lilianzia kwenye neno. Binti alipowaambia watu wa kijiweni kwamba anaunda benchi la upepo, wao, ambao tangu asubuhi hadi jioni hawana kazi nyingine ila kukalia benchi, walielewa walivyotaka: benchi lenye feni chini, la kupoza makalio. Wakamchangia mbao mbili na ushauri usio na idadi. Kwa hiyo Jumamosi alipolitoa gereji na kulitua kando ya birika la kahawa, sanduku la mbao lenye mota mbili za mashine ya kufyonza vumbi tumboni, tundu juu, na ubavuni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliopinda kama herufi U, umetiwa maji mekundu, Kinyozi alikuwa wa kwanza kulikalia. Binti akawasha. Suruali ya Kinyozi ikamezwa na tundu, na ikabidi Meja amvute kwa mikono miwili. Meja huyo aliwahi kulinda geti la ghala. Cheo alijipa mwenyewe siku ya kustaafu.

— Hili si benchi, ni mamba! Kinyozi alifoka, akijifunika kwa gazeti.

— Ni benchi la kupimia hewa ya injini, baba. Si la kukalia.

— Benchi lisilokaliwa! Lisemwalo lipo, Meja alisema, na hakuna aliyejua ni lipi lililosemwa.

Fundi Sikio, mwenye gereji, hakucheka. Alikuwa mjomba wake Binti, na jina lile alipewa kwa kutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu. Lori la maziwa lilikuwa ndani, limefunguliwa, na vichwa vya injini vya kuchagua vilikuwa viwili. Kimoja alikichonga Sikio mwenyewe: njia za hewa pana, zinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Kingine alikigusa Binti. Alilainisha ukingo mmoja tu karibu na valvu, akaacha. Miaka miwili alikuwa akiosha vipuri kwa dizeli, huku wanaume waliokuja nyuma yake wakikabidhiwa injini nzima. Juzi walikubaliana mbele ya kijiwe kizima: hewa ikipita zaidi kwenye kichwa cha mjomba, Binti arudi kwenye karai la dizeli na neno injini asilitamke tena. Ikipita zaidi kwenye chake, akifunge yeye kwenye lori.

Akapachika cha mjomba juu ya tundu. Maji yakapanda hadi alama ya kumi na nne. Akapachika chake, kwa mvuto ule ule. Kumi na tisa.

— Maji yakipanda zaidi, hewa imepita zaidi. Tulikubaliana, alisema.

Hapo kila mtu akawa msomi.

— Ni rangi, alisema Kinyozi. Nyekundu huchochea. Tia maji meupe uone kama yatajisumbua kupanda.

— Ni mota, alisema Meja. Zilikuwa za hoteli hizo, zimezoea vumbi la zulia. Hewa safi zinaionea aibu.

— Lakini mota ni zile zile kwa vichwa vyote viwili, Meja.

— Ndiyo, ila cha kwanza kilizikuta bado zina aibu. Cha pili kimezikuta zimeshazoea.

Binti akageuza zamu. Chake kwanza: kumi na tisa. Cha mjomba baadaye: kumi na nne.

— Umeona? Meja alipiga paja. Sasa zimechoka!

Kinyozi akaweka kikombe chini, dalili kwamba wazo ni zito.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Njia ya Sikio ni pana, kwa hiyo upepo umepita wima, polepole, kwa heshima. Njia ya huyu ni nyembamba, umepita mbio kama mwizi. Je, hapa tunapima heshima au wizi?

Katika upuuzi wote ule, Kinyozi alikuwa ameukanyaga ukweli bila kujua: njia ikipanuliwa mno, hewa hupoteza kasi.

— Mimi nasema upepo una ukoo, Meja aliendelea. Sanduku kaunda huyu, kapigilia huyu. Litamshuhudia nani? Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Mimi ni mtoto wa dada yake mjomba, Meja. Hesabu vizuri nyoka ni nani.

— Adabu! Sikio aliruka. Miaka thelathini nasikiliza injini. Leo nihukumiwe na mpira wa maji?

— Si kuhukumiwa, mjomba. Ni kupimwa.

— Ni yale yale!

— Basi yamwageni hayo maji, Meja akatoa suluhu. Wahenga walishasema, maji yakimwagika hayazoleki. Ushahidi umekwisha, mtu mzima kabaki na heshima yake.

Akaunyoshea mpira mkono. Binti akauwahi, akaukumbatia pamoja na sanduku.

Hapo ndipo alipofika dereva wa lori la maziwa, mama wa makamo mwenye buti za mpira, kuulizia gari lake. Wakamweleza wote kwa mpigo: aibu, rangi, ukoo, heshima. Alisikiliza hadi mwisho.

— Fundi, hicho chako ulikipanua kwa nini?

— Hewa ipite zaidi, mama.

— Na kabla ya sanduku hili, ulikuwa unajuaje kwamba inapita zaidi?

— Inajulikana.

— Inajulikanaje?

Meja alianza, "Mgeni njoo...", akakwama hapo hapo. Kinyozi alilisoma gazeti alilojifunikia, likiwa juu chini.

— Kifungwe, hatimaye Sikio aliiambia ardhi.

— Kipi? Binti aliuliza.

— Cha kumi na tisa.

— Na nani?

Jibu Binti alilijua. Lakini gereji ile ilijaa amri zisizo na mtu ndani yake: kioshwe, kiletwe, kifungwe; na kila ilipofika zamu ya kifungwe, akapita mwingine mbele yake. Hakusogea. Mama wa maziwa naye alikuwa anasubiri.

— Wewe, alisema Sikio. Ukifunge wewe, mpwa wangu.

— Haya. Nishikie upande huo, mjomba. Ni kizito.