Zamu Aliyoikalia Nassoro

Pale Kisimayu, ukutani mwa duka la Idris la kuchaji simu, pana ubao uliolazwa juu ya matofali, na tangu Idris alipofunga sola ubao huo haujapoa. Mchu, ndivyo Wabajuni wamwitavyo mtu, analeta simu, anaambiwa ngoja saa mbili, anakaa, akishakaa anaongea, akishaongea anataka kahawa. Ndiyo maana Bi Mwanalima kaweka jiko lake hapo, na dele lake la kahawa, na finjani kumi ambazo sasa zimebaki saba. Alhamisi hiyo walikuwa wametoka kuswali adhuhuri. Alikuwepo Idris mwenyewe, wanamwita Waya kwa vile hakosi waya shingoni. Alikuwepo Sharif, wanamwita Kambi, maana kakulia kambi ya wakimbizi huko Kenya miaka kumi na tisa, karudi na Kiingereza kingi na mgongo mbovu. Na Nassoro Jemedari, mvuvi, mchu mzima wa miaka arubaini na sita, kainamia simu yake, na simu inatoa ule muziki. Ule ule. Uzi mmoja unakwaruzwa, na ngoma moja inapigwa polepole, kama mchu anabisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mchu.

Ni mchezo wa vita. Jina lake la kizungu refu, kijiweni wanauita Zamu. Bi Mwanalima hajui kusoma, lakini aliuelewa zaidi ya walivyodhani. Kisiwa kimekatwa miraba kama ubao wa dama. Unasogeza askari wako, adui anasogeza wake. Usiposogeza, naye hasogei. Na askari aliyekufa kafa, harudi. Nassoro alikuwa na askari sita, na miezi saba sasa hakuwa amesogeza hata mmoja.

— Zima, bwana, akasema Waya. Miezi saba wimbo mmoja. Hata mashine ya kusaga hupumzika Ijumaa.

— Usiwe na haraka, akasema Kambi. Leo unazimika wenyewe. Saa tisa wanaleta toleo jipya, la zamani linafungwa. Na muziki mpya nimeshausikia.

— Ukoje?

— Wa harusi.

— Astaghfirullah.

— Tarumbeta, Waya! Tarumbeta na makofi. Dunia nzima inalia. Kuna mmoja wa Brazili kaandika hajala siku mbili. Mwingine wa Japani kasema, baba yangu alipokufa nilikaa na muziki huu arubaini nzima, leo nyinyi mnanipigia makofi? Wameandika barua, wametia sahihi wachu elfu sitini.

— Wanataka nini hasa?

— Wanataka huzuni yao irudishwe.

Waya alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Waambie waje Kisimayu. Tutawapimia kwa kilo.

Bi Mwanalima naye alicheka. Nassoro hakucheka. Hakuinua kichwa.

— Na si muziki tu, Kambi akaendelea. Hadithi yenyewe wameivuruga. Zamani askari akifa, jina lake linaandikwa kwenye jiwe, basi. Sasa akifa unabonyeza, anafufuka.

— Anafufuka? akauliza Bi Mwanalima.

— Kwa almasi thelathini, mama. Unanunua, unamfufua, anaendelea kupigana.

— Na nani kawapa ruhusa hiyo?

— Ndilo wanalouliza Brazili.

Waya akafuta kidevu kwa mkono, akasogea mbele kama mchu aliyengoja zamu yake ya kusema.

— Mimi nawaambieni, hiyo ngoma ya zamani mpigaji ni Mbajuni. Sikilizeni pigo la tatu anavyolichelewesha. Mzungu hachelewi.

— Kapiga mwanamke wa Ufini, Waya. Jina lake limeandikwa.

— Linaandikwa jina la mwenye pesa. Mpigaji ni mchu wetu, kachukuliwa na meli. Na kile kisiwa cha mchezoni ni Chovai, kisiwa chetu. Wamekipiga picha kutoka juu, kwa setilaiti. Kisima kiko kaskazini, msikiti umebomoka upande wa kibla, minazi saba. Hesabu mwenyewe.

— Chovai minazi ni mingi.

— Ilikuwa mingi. Wewe uliondoka lini?

 Kambi akanyoosha finjani, Bi Mwanalima akammiminia bila kuambiwa. Ndipo akarudi kwenye lake alilolijua:

— Hadithi inasema hivi. Wenyeji wa kisiwa walihama wote. Wakaacha vijana sita walinde kisima. Wakawaambia, itakuja mashua iwachukue. Sasa wapenzi wa mchezo wamechimba, wameandika kurasa na kurasa, wanasema wale maadui si maadui. Ni wenyeji wenyewe, wanarudi kwao. Wamesahau sura za watoto wao.

— Basi si wapige kelele, waseme jamani ni sisi!

— Wamesahau na lugha.

 Muziki ulikwaruza, ngoma ikabisha. Waya hawezi kukaa na kimya, akapanda juu zaidi:

— Mimi nasema adui naye kakaa kijiweni. Huko upande wa pili, ana kahawa yake, ana Kambi wake wa kumsomea habari. Anamngoja Nassoro asogee. Miezi saba! Huyo keshaoa, keshapata mtoto.

Bi Mwanalima alikuwa anapepea makaa. Akaacha.

— Na hiyo saa tisa, akasema, wangu mimi inakuwaje?



Wake yeye ni Fahmi. Maana wale askari sita Nassoro kawapa majina, na majina hayakutoka hewani. Mwaka wa tisini na mbili, vita ilipofika visiwani, vijana sita waliondoka kisiwa cha Chula kwa mashua kwenda Mombasa. Fahmi, mtoto wa Bi Mwanalima, ana miaka kumi na mitano. Fuadi, kaka yake Nassoro. Na wenzao wanne. Nassoro alikuwa wa saba. Asubuhi ile aliamka na homa, mama yake akamshusha. Tangu siku hiyo haikuja habari. Bi Mwanalima katuma wachu Mombasa, katuma makambini, kauliza mpaka Yemeni. Hakuna aliyesema nimemwona. Hakuna aliyesema nimemzika. Walimwambia isomwe khitma, akawajibu, nani kaniambia kafa?

Sasa kila asubuhi, akishawasha jiko, alikuwa anamuuliza Nassoro:

— Fahmi yu hali gani leo?

— Yuko vizuri, mama. Kapumzika kisimani.

Alijua ni mchezo. Hakuwa amerukwa na akili. Lakini miaka yote hiyo Nassoro ndiye mchu pekee aliyemjibu.

— Nimeuliza, akasema tena. Saa tisa inakuwaje?

— Mama, akasema Kambi, toleo la zamani likifungwa, askari walio nje ya vita wanapita, wanaingia kwenye jipya. Walio ndani ya vita wanafutwa. Wote. Na majina.

— Basi si atoke vitani?

— Kutoka ndiyo shughuli, Waya akadakia. Mashua ishakuja, iko ufukweni, lakini ina nafasi ya watano. Mmoja lazima asimame penye mlango wa miamba, amzuie adui zamu moja, wenziwe wapande. Na huyo harudi.

— Nani?

— Walio karibu na mlango ni wawili. Fahmi wako na Fuadi wake. Wengine hawawahi...

— Waya! akasema Nassoro. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu adhuhuri.

Waya akashika waya zake za shingoni, akazitazama kama ndiyo anaziona leo.

Bi Mwanalima akakaa kwenye kigoda. Miezi saba alidhani Nassoro ni mwoga wa kushindwa, kama wanaume walivyo kwenye dama. Kumbe kila asubuhi mtoto wa wenyewe alikuwa anamwambia kapumzika kisimani, naye moyoni amebeba hili.

— Kwa nini hukunambia?

— Ningekwambia nini, mama? Naweka kidole juu ya Fuadi, hakishuki. Ni kaka yangu. Nakiweka juu ya Fahmi, nakuona wewe unakuja na dele. Nafunga simu. Nasema kesho.

— Sikia, Jemedari, akasema Kambi kwa sauti ya chini. Twende kwa hesabu. Fuadi kajeruhiwa, Fahmi mzima. Ukimwacha Fuadi mlangoni hamalizi zamu, adui anapita, unapoteza wote. Fahmi anamaliza.

— Usinipe hesabu, Kambi.

— Na muda? Saa nane na nusu ishapita.

— Basi waache, akasema Waya, na safari hii hakuwa na mzaha. Iache saa tisa iwachukue wote sita. Kwani tulikuwa na nini cha zaidi? Wenyewe hatunao, tulie na vidoli?

— Wote sita mara ya pili? akasema Nassoro.



Mwisho wa ubao alikuwa amekaa msichana, Thuraya jina lake, mzaliwa wa Mombasa, wazazi wake wa visiwani. Siku ya tatu hiyo yupo Kisimayu, kaja kumtazama shangazi yake, na simu yake iko ndani kwenye chaji. Alikuwa amekunywa kahawa moja kimya, anasikiliza tu.

— Samahani, wajomba, akasema. Hao watano wakishapanda mashua, wanakwenda wapi?

Waya akamgeukia Kambi. Kambi, aliyesoma kurasa zote, aliyejua mpaka jina la mpiga ngoma, akafungua kinywa.

— Wanapona, akasema.

— Naam. Lakini wanakwenda wapi?

— Haikuandikwa. Mashua inafika ukingoni mwa kioo cha simu, inapita. Basi wanahesabiwa wamepona.

— Hata hao waliochimba hawakujua?

— Wanabishana. Kila mchu na lake.

— Wanakwenda Mom... akaanza Waya, akaliacha hapo hapo.

Kisha wote, bila kupanga, wakamtazama Bi Mwanalima. Walikuwa wamezoea ana jibu. Ukimuuliza habari za Fahmi, alikuwa nalo: yuko Mombasa, kaoa huko. Mwaka mwingine: yuko Yemeni, anafanya kazi bandarini. Mwaka mwingine: yuko Uholanzi, karatasi zinamchelewesha. Mwaka mwingine: yuko jela mahali, atatoka. Alikuwa amezivaa habari hizo zote, moja baada ya moja, mpaka zikachakaa. Akatafuta hata moja ampe mtoto wa wachu aliyeuliza kwa adabu. Hakupata.

Akapangusa mikono kwa leso. Akanyanyuka, akaenda kukaa ubaoni karibu na Nassoro.

— Nionyeshe Fahmi ni yupi.

Nassoro akamwonyesha. Mdogo, hafiki punje ya mchele, kitambaa chekundu kichwani, kageukia bahari.

— Asipande, akasema Bi Mwanalima.

— Mama...

— Mpandishe kaka yako na wenziwe. Mama yako kafa anamngoja Fuadi, mwache Fuadi aende huko anakokwenda. Wangu asipande. Huko wanakokwenda hakuna mchu anayepajua. Akibaki hapo mlangoni, nitajua alipo.

— Atakufa, mama.

— Nimesikia. Ila ukimaliza unambie. Usininyamazie. Miaka thelathini na tatu hakuna aliyekuja mlangoni kwangu akanambia.

Nassoro akamtazama Kambi. Kambi akageuza uso ukutani. Waya akaingia dukani, akashindwa kukaa humo, akatoka tena. Ndipo kidole cha Nassoro kikashuka. Askari mwekundu akaenda, mraba mmoja, miwili, mitatu, akasimama kati ya miamba. Wale watano wakapanda. Mashua ikafika ukingoni mwa kioo, ikapita. Bi Mwanalima hakuitazama. Alikuwa anamtazama aliyebaki.

Zamu ya adui ikawa fupi.

Nassoro akakaa na simu.

— Sema, akasema Bi Mwanalima.

— Mama.

— Nakusikia.

— Mama, Fahmi kafa.

— Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akasema. Haya. Nimeambiwa.

Akavuta leso akajifunika kichwa, akakaa wima, magoti pamoja, kama anavyokaa mfiwa.  Thuraya, ambaye hakumjua Fahmi wala kisiwa, akanyanyuka kutoka mwisho wa ubao, akaja akampa mkono.

— Mola akupe subira, bibi.

Akafuata Waya, akamshika mikono yote miwili. Akafuata Kambi, kainama na mgongo wake mbovu, kambusu kichwani. Mwenye gari la maji aliyekuwa anapita akaona wachu wanapeana mikono, akamfunga punda wake, akaja naye kutoa pole bila kuuliza nani kafa. Nassoro alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya Bi Mwanalima na simu mkononi, hajui aiweke wapi, apate kutoa mkono.