Nasteho Abdishakur Aenda Illasit na Kisanduku Chake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Nasteho Abdishakur, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Najah, atastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Chumba cha redio kilicho mwisho wa ushoroba katika ofisi yetu ya Kitengela kitabaki na kiti chake, mto wa samawati aliojishonea mwenyewe, na harufu ya iliki ambayo nadhani haitatoka hata tukipaka rangi upya.

Aliajiriwa mwaka 1994, wakati Ushirika wetu wa Visima na Minada ulikuwa na vyumba viwili na banda la mabati. Kitengela yenyewe ilikuwa barabara ya Namanga, maduka machache, na vumbi jeupe la machimbo ya mawe ambalo lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Baba yake alikuwa ameleta mbuzi wa kuuza kutoka Garissa, akapapenda hapa, akabaki. Binti alikuja kuomba kazi ya kuhesabu mifugo mnadani. Siku ya pili meneja alimsikia akimwita mwenye fahali aliyekuwa upande wa pili wa uwanja. Hakupiga kelele hata kidogo, lakini mwenye fahali aligeuka, na nusu ya uwanja ikageuka pia. Wiki iliyofuata alihamishiwa kwenye redio.

Kwa vijana waliokuja baada ya simu za mkononi, ni vizuri nieleze kazi hiyo ilikuwa nini. Kila asubuhi aliviita vituo vyetu kimoja kimoja na kuuliza kisima gani kina maji, pampu gani imekufa, na mnada wa wiki uko wapi. Kisha aliwarudishia wote habari hizo, polepole, mara mbili. Katika kiangazi cha mwaka 2009 wafugaji walikaa na redio zao kama watu wanaoota moto, wakingoja sauti yake iwaambie waelekeze ng'ombe upande gani. Wapo wazee Kajiado ambao hawajawahi kumwona, lakini wakiisikia sauti yake leo huuliza maji yako wapi.

Alikuwa na sheria moja aliyomfundisha kila aliyeketi kando yake: bonyeza kitufe, vuta pumzi, ndipo useme. Ukimaliza, achia, na umpe mwenzako nafasi. Tulimcheka kwa hilo. Bedan, fundi wetu wa mitambo, alizoea kusema kwamba Mama Najah angekuwa dereva wa boda, abiria wangefika kesho.

Mapenzi yake makubwa, hata hivyo, yalianza baada ya saa za kazi. Nayo ni redio ya ridhaa. Huu ni mchezo wa watu wazima ambao mtu husoma, hufanya mtihani, hupewa leseni na jina lake la hewani, kisha huruhusiwa kuzungumza na wenzake popote walipo, mradi asifanye biashara. Mama Najah alifaulu mtihani huo na kuwashawishi wafanyakazi kadhaa wafanye vivyo hivyo. Ndivyo ulivyoanza mwito wa jioni, ambao umedumu kuliko mameneja wanne.

Mwito wenyewe ni jambo dogo. Saa kumi na mbili jioni, jua likiwa limelala chini juu ya mabati na adhana ya magharibi bado haijafika, anataja majina ya vituo, na kila aliyepo anajibu. Isinya. Namanga. Kajiado, ambako Naserian hujibu kwa "Sopa!" yenye furaha, salamu ya Kimaasai, naye Mama Najah humwitikia "Ipa" kama mtu anayemfungulia mgeni mlango. Hakuna ajenda. Mmoja anasema mvua imenusa tu ikapita, mwingine anasema pundamilia wamesimama nyuma ya kituo cha mafuta. Unayasikiliza hayo huku mwanga ukififia dirishani, na unahisi kana kwamba kaunti yote imeketi kwenye benchi moja.

Jina la mwisho lilikuwa Illasit, kule chini karibu na Loitokitok. Aliyejibu alikuwa Munyiva, karani wetu wa huko, mwanamke mcheshi aliyelima vitunguu nyuma ya ofisi. Kila jioni Munyiva alitoa taarifa moja tu, ya Kilimanjaro, inayoonekana kutoka mlangoni kwake. "Illasit iko. Mlima uko wazi." Au: "Illasit iko. Mlima umejifunika." Baada ya hapo sote tulizima redio na kwenda nyumbani, tukiwa tumeuona mlima.

Munyiva alifariki miaka tisa iliyopita, na ofisi ya Illasit ikafungwa. Mama Najah hakuliondoa jina. Jioni baada ya jioni aliita, "Illasit," akaachia kitufe, akanywa chai yake funda moja au mawili, kisha akafunga mwito. Wageni walidhani mtambo umekwama. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Nimelizoea, Mzee Githongo. Nikiliruka, ulimi unajikwaa."

Mwaka jana alitangaza kwamba akistaafu atahamia Illasit hiyohiyo, ambako binti yake Najah amefungua duka la nguo. Alisema pia kwamba hatakaa mahali pamoja. Atakwenda Garissa kwa dada zake, atapita Namanga, atarudi. Swali lilikuwa moja: mwito wa jioni utampata wapi? Redio ya mkononi haifiki mbali hivyo. Judy wa uhasibu, ambaye dawati lake limepakana na chumba cha redio, alimwambia, "Si utapiga simu tu, Mama?" Mama Najah akamjibu kwamba simu ni kugonga mlango wa mtu mmoja na kumuuliza kama unamsumbua. Redio ni kuketi barazani. Akaongeza, bila kutania, "Sitaki kuwa mtu wa kuulizia barazani kuna nani. Nisipoweza kujibu mwito, redio yangu mtampa Njogu, na mimi nitanyamaza."

Njogu ndiye anayechukua kiti chake, baba wa watoto wawili na mtu mwangalifu sana. Maneno hayo yalimwingia. Yalituingia sote.

Hapo ndipo kisanduku kilipozaliwa. Wenye mchezo huu hukiita hotspoti, lakini msikichanganye na ile ya simu. Ndani kuna kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, na juu yake kibao cha redio chenye antena fupi kama kidole. Unazungumza kwenye redio yako ya mkononi. Redio hubadili sauti kuwa tarakimu na kuirushia kisanduku kilicho mezani, mwendo wa hatua chache tu. Kisanduku huikabidhi kwenye intaneti ya simu yako, na intaneti huipeleka katika chumba cha maongezi ambamo visanduku vya wengine, pamoja na mtambo wetu wa Kitengela, vinasikiliza. Kwa hiyo sauti inatembea kidogo angani, inalala safarini ndani ya mtandao, kisha inaamka angani tena kando ya msikilizaji. Mama Najah alipoelezwa hivyo na Bedan alifumba macho akasema ni kama mtu anayesafiri akiwa usingizini.

Walikijenga pamoja kwa majuma kadhaa, wakati wa mapumziko ya mchana. Bedan aliandaa kadi ya kumbukumbu. Mama Najah aliingiza jina lake la hewani na masafa mwenyewe, kwa kidole kimoja. Walikifundisha mapema kuitambua simu yake na neno lake la siri, kwa sababu kisanduku hakina kioo wala vitufe, na ukikifikisha Namanga hakijui simu yako utakitazama tu kama jiwe. Umeme ulitoka kwenye pawabenki. Ilibaki nyumba ya kukitia ili kisafiri salama, na hapo Mama Najah alileta kopo zuri la halua, la bati, lenye maua. Kisanduku kilienea humo kana kwamba kilipimwa. Walifunga kifuniko, wakabonyeza redio, na hakuna kilichosikika. Bedan alicheka mpaka akakaa chini. Bati halipitishi mawimbi ya redio. Walikuwa wamemfungia msafiri ndani ya sefu. Kisanduku kikahamia kwenye kontena ya plastiki ya chapati, na kopo likarudi kwenye kazi yake, jambo lililotufaidi sote.

Jaribio la kwanza lilifanyika Kajiado mjini. Mama Najah aliketi kwenye kivuli nje ya soko, kontena pajani, akaingia katika mwito wa jioni safi kabisa. Naserian aliyekuwa karibu alikuja mbio kumwona mtu aliyekuwa akimsikia. Tulirudi Kitengela tukijua kazi imekwisha.

Mwezi Mei alikwenda Illasit kwa binti yake kukijaribu mahali penyewe hasa. Njogu aliketi kwenye kiti chenye mto wa samawati. Isinya ilijibu, Namanga ikajibu, Kajiado ikajibu. Njogu akaita, "Illasit." Kimya. "Illasit, Illasit." Kimya. "Illasit, Kitengela inaita, Mama Najah unanipata?" Kimya, na mkwaruzo mdogo kama mtu anayegeuka kitandani. Alimpigia simu. Mama Najah alisema yeye amemsikia vizuri, na amejibu kila mara.

Jioni ya pili ikawa vilevile. Bedan alikagua kila kitu kwa njia ya simu: bando, betri, antena, hata umbali kati ya redio na kisanduku. Alimhamisha Mama Najah kutoka sebuleni hadi uani, kutoka uani hadi juu ya kibanda cha kuku. Jioni ya tatu Njogu aliita mara nyingi zaidi, kwa sauti ya juu zaidi, jasho likimtoka. Tulipomaliza, Mama Najah alimpigia Bedan na kumwambia kwa upole, "Bedan mwanangu, basi. Kisanduku ni kizuri. Njia ndiyo ndefu." Bedan aliweka simu mezani na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Judy alikuwa mlangoni na mkoba wake begani. Judy hana leseni na hajawahi kushika redio.

"Njogu, lakini wewe unamwita kama mtu wa boda," alisema. "Mama akiita Illasit alikuwa anaachilia. Anakunywa chai, ndio anaendelea. Wewe humpi hata nafasi ya kumeza mate."

"Ile nafasi ilikuwa ya Munyiva," Njogu alimjibu. "Nilidhani ule ukimya ni wa Mama. Singeweza tu kuuchukua."

Bedan alikuwa tayari ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nami nitaeleza alichokiona, maana ni kitu rahisi. Kutoka Illasit mtandao wa simu ni mzito. Wito wa Njogu ulimfikia Mama Najah umechelewa, na jibu lake likachelewa tena kurudi. Chumba cha maongezi kina mlango mmoja: mmoja akisema, mwingine hapiti. Kila jibu lilipofika mlangoni lilimkuta Njogu amekwisha kuanza kuita upya. Kadiri alivyomtafuta kwa hamu, ndivyo alivyomfungia nje.

Jioni ya nne hakuna aliyemwambia Mama Najah kitu, ila kwamba ajibu kama kawaida. Ofisi nzima ilibaki. Isinya, Namanga, Kajiado. Njogu alibonyeza, akavuta pumzi, akasema, "Illasit," akaachia. Judy alimsukumia kikombe cha chai. Njogu akanywa funda moja. Dirishani vumbi la machimbo lilikuwa limegeuka rangi ya dhahabu, na lilikuwa likishuka taratibu sana, kana kwamba nalo limeambiwa lingoje. Njogu akanywa funda la pili.

"Illasit iko," redio ilisema. "Mlima umejifunika. Lakini uko."

Bi. Nasteho Abdishakur anaondoka na cheti, na saa ya ukutani ambayo kamati ilisisitiza kumnunulia, na kontena ya chapati iliyo na thamani zaidi ya hivyo vyote. Kwa niaba ya Ushirika na ya kila ng'ombe aliyefika kisimani akiwa hai, tunamshukuru kwa sauti yake, na kwa mara zote alizonyamaza ili wengine wasikike.

Mama Najah, nenda salama. Illasit ikutunze, duka la Najah listawi, dada zako Garissa wasikuchoshe kwa wageni. Njogu ameshika mwito. Kila jioni atalitaja jina la mwisho, ataachia kitufe, na chai itakuwa mezani. Usiharakishe.

Mzee Githongo,
kwa niaba ya jarida la wafanyakazi, Kitengela