Umewahi, Hujawahi

Benchi letu limeegemea kibanda changu cha kushonea viatu, nalo lina mguu mmoja wa kuazima. Wakili hukaa upande mzima. Sheria hakusoma, ila aliuza stempu nje ya mahakama miaka kumi na minane. Injini, fundi magari mstaafu, ndiye mwenye birika la kahawa. Siku hiyo katikati yao alikaa mpwa wangu, binti wa dada yangu, tunayemwita Rubani tangu utotoni. Mapajani alikuwa na fomu ya chuo cha urubani, na kalamu ilikuwa imesimama kwenye swali la tisa: *Je, umewahi kupatikana na hatia ya kosa lolote?* Ndiyo, au Hapana.

— Weka Hapana, akasema Wakili. Ile kesi yako ya kuendesha umelewa, ulifika kortini saa ngapi?

— Saa tano. Niliitwa saa tatu.

— Basi ulichelewa. Wao wanauliza kama *umewahi*. Hukuwahi!

— Wakili, mwogope Mungu, nikasema.

— Halafu hakimu mwenyewe kashastaafu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Injini akatikisa kichwa.

— Mnapapasa tu. Ukuta wa zahanati aliugonga kinyumenyume, sivyo? Na ndege angani hairudi nyuma. Kwa hiyo kosa lenyewe huko juu halipo!

— Tena sheria ni ya nchi, Wakili akadakia. Nchi ni ardhi. Magurudumu yakishanyanyuka tu, faili linabaki chini linapunga mkono.

Rubani alicheka, lakini kalamu haikusogea.

— Wazee wangu, nikiweka Ndiyo wataitupa. Nikiweka Hapana wakaja kujua, ndiyo basi maisha. Miaka sita nimeuza tiketi nikijiwekea ada. Sijaonja hata tone.

— Mficha uchi hazai, akasema Injini.

— Sasa uzazi umeingiaje hapa? Wakili akauliza.

Mama mmoja alikuwa amekaa pembeni, mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake. Hatukuwa tunamjua. Akauliza taratibu:

— Samahanini. Kwani siku ya ajali funguo za gari alipewa na nani?

Wakili akatazama kikombe. Injini akatazama birika. Rubani akainamia fomu. Kortini alisema alizichukua mwenyewe, na kijiwe kizima kikaamini.

Sindano ilinichoma kidole.

— Mimi, nikasema. Nilimpa mimi. Nyumbani kulikuwa na wageni, nikataka wawahishwe stendi. Pombe niliinusa mdomoni mwake, nikajifanya pua imeziba. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi hamsini na tatu. Tangu hapo kila nikisali naombea wagonjwa, naombea wasafiri, hili naliruka. Mungu anisamehe, na wewe mwanangu unisamehe. Andika hapo kwamba mjomba wako ndiye aliyekupa.

Rubani akaweka alama. *Ndiyo.* Chini kulikuwa na mistari mitatu ya maelezo, akaandika huku akisoma kwa sauti:

— "Nilikunywa, nikashika usukani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeumia, na hiyo haikuwa akili yangu, ilikuwa rehema."

— Na funguo?

— Mjomba, fomu inaniuliza mimi.

Akanishika mkono, akakifuta kile kidole kwa ncha ya mtandio wake, kama nilivyokuwa namfuta magoti utotoni alipoanguka akikimbia na mikono ameitandaza. Kisha akaupuliza wino ukauke.

— Sasa watamchukua? yule mama akauliza.

Injini aliinamisha birika, likatoa matone mawili.

Wakili ndiye aliyesimama, akampisha Rubani njia.

— Ofisi ya posta inafunga saa tisa. Kimbia, mwanangu. Uwahi.