Luciana na Kilima cha Kata Pumzi

Asubuhi ya Jumapili kijiwe cha Mlabani kilifurika, ila kahawa ya Mbaruku ilikuwa inapoa vikombeni. Masikio yote yalikuwa kwenye redio. Mbio za marathoni za kule jijini, zinazokimbiwa tangu baba zao wakiwa vijana, zilikuwa zimefika patamu: Luciana wa Lipangalala, mtaa wa jirani, alikuwa anaongoza wanawake. Baba yake, mzee Fulgensi, alikaa pembeni ya benchi. Mwaka jana binti yake alianguka kwenye kilima cha mwisho, wanachokiita Kata Pumzi, akabebwa kwa machela. Safari hii mzee alimkataza kwenda. Luciana akaenda hivyo hivyo.

"Luciana anaanza kupanda..." alisema mtangazaji. Redio ikakoroma, ikazimika.

— Mbaruku, igonge hiyo! alifoka Kassian, fundi pikipiki wanayemwita Injinia. Kile kilima nakijua. Kila mwaka wanakiongezea kifusi ili wageni wachemke.

— Kifusi wapi! alidakia Beno, kwa jina la kijiweni Spika. Tatizo hewa. Juu kule wenyeji wanapumua mara moja, wanatunza.

— Acha uongo, Spika.

— Sasa sisi wa bondeni, damu yetu imelala kama maji ya jaruba la mpunga. Ukiipandisha mlimani, yote inakimbilia miguuni. Kichwa kinabaki kitupu!

— Nyamazeni! Mzee Fulgensi alikuwa amesimama. Huyo mnayemchambua ni mwanangu.

Mbaruku akaipiga redio kofi.

"...yuko chini! Luciana yuko chini!"

Fulgensi alimkumbuka binti yake mlangoni siku ile ya safari, begi begani, akimwamkia shikamoo. Naye hakuitikia.

— Inuka, mama, aliiambia redio. Inuka, mwanangu.

"Anajishika magoti... anainuka! Anatembea. Anapitwa, anapitwa tena... amefika juu! Anakimbia!"

Hakuna aliyevuta pumzi mpaka waliposikia amevuka mstari, kwa miguu yake mwenyewe. Spika akamkumbatia Injinia, vikombe vikamwagika. Mzee Fulgensi akajifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika.

Dorotea, muuza vitumbua, akasimama na beseni lake kichwani.

— Jamani, furaha yote hii! Kwani nani kashinda?

Wakatazamana.

Jina la mshindi hakuna aliyelisikia.