Mawe Yaliyooshwa

Nimesimama kwa sababu mwenyekiti amenitazama tangu tuketi, na mimi sipendi kutazamwa. Wengi wenu mnanijua, mimi ni yule bibi wa mtaa wa Woodley mwenye tangi la samaki sebuleni. Nyinyi wa mtaa wa Mountain View mlioingia juzi katika kikundi hiki cha wafiwa, nitawaeleza. Majina sitaji. Anayejijua asiinamishe kichwa, yamekwisha.

Kijana wangu alikuwa anatunza samaki wa watu, katika ofisi za mjini na nyumba za Lavington. Tangi lake mwenyewe aliliweka kwangu. Lilikuwa la maji ya bahari, yaliyoletwa kwa mitungi kutoka Mombasa. Ndani yake kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na mawe ya baharini yenye utelezi, na juu ya mawe matumbawe laini yaliyopepea kama vidole. Alituonya sote, "Asiguse mtu hayo maji." Kuhusu mawe hakusema kitu.

Akaugua, akafa. Tukampeleka nyumbani kijijini kumzika. Huku nyuma akina mama wa kanisa wakabaki kusafisha nyumba, kama tunavyofanyiana, ili mfiwa asirudie uchafu wa matanga. Ndugu zangu, waliosha. Waliosha mapazia. Waliosha shati lake la kazi lililoning'inia nyuma ya mlango, wakalipiga pasi, na nilipolileta puani likanuka sabuni tu. Kisha wakaona yale mawe, wakasema maskini, aliugua mpaka akashindwa kuosha. Maji hawakuyamwaga, walitii. Mawe waliyatoa moja moja, wakayasugua kwa brashi na sabuni ya unga, matumbawe wakayadhani ni kuvu, wakayasuuza vizuri na kuyaanika juani, halafu wakayarudisha yakiwa meupe.

Niliporudi nilishukuru, kusema kweli. Palipendeza. Lakini haikupita wiki, samaki wakawa wanahema juu ya maji. Mmoja akafa. Nikakwaruza kadi ya simu, nikampigia rafiki wa kijana wangu, mwenye duka la samaki mjini karibu na Moi Avenue. Akafika na ndoo.

"Mama, nani ameosha hizi mawe?"

"Akina mama wa kanisa."

"Wameua tangi."

"Chunga mdomo. Walipika chakula cha matanga na wewe ukala."

Akaweka ndoo chini. Halafu akanieleza polepole. Kwenye mawe yale waliishi vijidudu visivyoonekana. Samaki akienda haja, vijidudu vinakula ule uchafu. Vikifa, samaki anaishi ndani ya haja yake mwenyewe mpaka imuue. Akamtia yule aliyebaki ndani ya ndoo ampeleke dukani.

"Atarudi?" nikauliza.

"Itategemea wewe. Kuna mashine, ni ndoo ya mipira ya plastiki, maji yanaipitia kama mvua. Naweza kuleta mipira kutoka dukani, tayari iko na vijidudu, na wiki hii samaki anarudi. Lakini ile inakula uchafu nusu. Inabakisha kitu ambacho samaki anavumilia, matumbawe hayavumilii. Mawe ndiyo yanamaliza kazi, kwa sababu ndani kabisa ya vile vitundu, kwenye hewa haifiki, kuna vijidudu vya aina nyingine."

"Na haya yaliyooshwa, nitupe?"

"Usitupe. Hayo ni nyumba, wenyeji ndio wamekufa. Nitakupa jiwe moja hai uliweke katikati yao. Ungoje. Lakini Mama, sitakudanganya, huyu samaki ni mzee. Anaweza kufia kwangu ukingoja."

Nilimtaka samaki huyo nyumbani. Kijana wangu alikuwa akimlisha kwa kidole. Lakini hakujenga lile tangi kwa ajili ya samaki peke yao, alitaka mwamba wa bahari ukue pale sebuleni. Nikasema lete jiwe. Usiku huo sikula, nilijiona nimemhukumu samaki wa mtoto wangu.

Akalileta, nikaliweka katikati ya yale meupe, ikabidi nitie na kipande cha kamba mbichi wa baharini kioze mle ndani, hao vijidudu wapya wapate chakula. Pakanuka. Jirani akasema dirishani, "Kwa huyu mama mazishi hayaishi?" Nikamwambia aje achukue zamu ya kukesha. Nilikaa mbele ya maji matupu na mawe meupe kama mifupa, na hakuna kilichobadilika. Kanisani sikwenda. Sikutaka kuona mkono wowote ulioshika brashi.

Alhamisi moja mlango ukabishwa. Ni yule aliyewaongoza wenzake siku ile ya kuosha.

"Umekuja kuosha nini leo?" nikamuuliza.

"Sikuleta sabuni, dada yangu."

Akaketi. Hakuomba, hakunipa neno. Harufu ilimfikia, hakuziba pua. Giza lilipoanza kuingia akaaga. Alhamisi iliyofuata akarudi, na nyingine, na nyingine. Tulitazama mawe. Chai nilichelewa sana kumpa, na hilo analijua.

Kisha siku moja akainama karibu na kioo. "Hii jiwe imefanya nini?"

Lilikuwa doa la mwani wa zambarau, dogo kuliko punje ya dengu, juu ya jiwe alilolisugua kwa mikono yake. Akalia. Mimi nilikwenda kuchemsha maji ya chai.

Yule wa dukani akaja na vichupa vyake, akapima, akasema maji yameiva, vijidudu vimetosha. Siku iliyofuata akaleta samaki. Rangi imepauka, pezi moja limechanika. Akazunguka kidogo, kisha akaenda nyuma ya lile jiwe kubwa alipokuwa akilala zamani. Yupo mpaka leo. Tumbawe nalo lipo, moja, dogo, limechipuka kwenye lile jiwe hai.

Kijana wangu hakurudi. Asiwadanganye mtu hapa kwamba kuna kitu kinachorudisha. Lakini sasa nakula, na kanisani nakwenda.

Namshukuru mwenye duka kwa jiwe lake. Nakushukuru wewe wa Alhamisi. Na nyinyi mlioosha, mlinipenda, najua. Ila nawaambia, mkienda kwa mfiwa, acheni brashi nyumbani. Shati lenye jasho liacheni pale pale nyuma ya mlango. Ketini. Siku akitaka kuoshewa, atasema mwenyewe, na beseni atawaonyesha lilipo.