Maneno ya Mama wa Mratibu Katika Kufungua Chumba cha Vitendea Kazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa kituo chetu cha vijana pamoja na kamati yako, ndugu wageni waalikwa, viongozi wa vikundi, nanyi nyote mnaojitolea hapa kila Jumamosi, hamjambo?

Mwenyekiti amenipa dakika tano. Nimemwambia dakika tano hazitoshi kumsifia mtoto huyu hata kabla hajaanza kutembea. Akacheka, akasema, "Mama, kata." Mimi fundi cherehani, kukata najua, lakini nakata nikishapima.

Mratibu wa wanaojitolea hapa ni binti yangu. Nasema wazi ili mgeni asihangaike kuuliza pembeni. Darasani alikuwa wa kwanza kila mwaka, isipokuwa mwaka mmoja alipokuwa wa pili, na yule wa kwanza alikaa karibu na mwalimu. Nisiendelee.

Ndugu zangu, chumba hiki kimetokana na neno moja. Mwaka jana mwanangu alibandika tangazo mlangoni: "Viongozi wa vijana na wasimamizi wa wanaojitolea, njooni Jumamosi mchukue rasilimali." Nani kati yetu angesoma hivyo akaja mikono mitupu? Watu walikuja na magunia. Kocha wetu wa mpira, huyu tunayemwita Filimbi, alikuja na toroli! Filimbi, simama wakuone. Wakapewa nini? Kila mtu mwongozo wa kurasa thelathini na mbili zilizobanwa kwa pini, zimejaa maneno kama "uimarishaji shirikishi wa uwezo." Filimbi akaupekua mwongozo wake mbele na nyuma, akauliza, "Dada, mipira iko ukurasa wa ngapi?"

Watu walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake, maana waliona wamefanywa wajinga. Jumamosi iliyofuata walikuja vijana sitini na viongozi wawili. Iliyofuata tena, hakuja kiongozi hata mmoja. Kamati ikasema hali ikiwa hivi hadi mwisho wa mwezi, kituo kinafungwa. Na kamati ilikuwa na haki: vijana sitini utawaacha na nani?

Mwanangu akaja kwenye chumba changu cha kushonea, akaniwekea ule mwongozo juu ya meza ya kukatia. "Mama, soma, uniambie nimekosea wapi." Mimi shule niliishia njiani. Nikasoma, nikasoma.

"Nimeelewa jina lako," nikamwambia. "Limeandikwa vizuri."

"Mama nawe!"

"Basi nisomee, mimi nashona."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Yeye anasoma, mimi nakanyaga cherehani. Nikielewa, mguu unaendelea. Nisipoelewa, mguu wenyewe unasimama. Cherehani ikinyamaza, anafuta. "Uimarishaji shirikishi" ukaondoka, pakaandikwa: mtu akija kujitolea siku ya kwanza, mwonyeshe choo kilipo na nani anashika ufunguo. Pakaandikwa: mtu mzima asikae na mtoto wawili tu nyuma ya mlango uliofungwa, hata awe mwema kiasi gani. Pakaandikwa: aliyechelewa mara mbili, muulize kwanza kama nyumbani kuna mgonjwa, ndipo umseme. Hiyo ni yangu, ukurasa wa saba, nendeni mkaone. Kurasa thelathini na mbili zikabaki kumi na moja.

Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Filimbi akamwona kwa mbali, akapaza sauti, "Dada, umetuletea karatasi tena?"

"Nimeleta samahani. Karatasi ni ukipenda."

Akasomewa palepale mlangoni, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa hiki ni kitendea kazi." Akaeleza na kingine anachokosa: orodha ya simu za wazazi, sanduku la huduma ya kwanza, daftari la mahudhurio lisilochanika. Kila nyumba ikaongeza lake, na hayo ndiyo mnayoyaona kwenye rafu hizi. Kabla mwezi haujaisha, mlirudi.

Nashukuru kamati iliyotoa chumba kilichokuwa kimejaa viti vibovu. Namshukuru fundi seremala aliyevigeuza viti hivyo kuwa rafu, tena zimenyooka kuliko ukuta wenyewe. Na ninyi mliorudi, nitawashukuru kwa maneno gani?

Nina jambo moja ambalo sijalisema popote. Jioni ile aliponiletea mwongozo, kabla sijashika hata karatasi moja, nilimwambia mwanangu aache. Nilisema, "Watu wenyewe hawana shukrani, wanakucheka na magunia yao. Njoo tushone." Akanitazama, akasema, "Mama, mtu habebi gunia kwenda kwa asiyemwamini. Waliniamini. Mimi ndiye niliyewaangusha."

Ndipo nikaushika mwongozo. Mimi mtu mzima niliona dharau, mtoto niliyemzaa akaona imani.

Kwa hiyo leo, mwanangu, mbele ya watu wako, nasema nilikosea: kazi hii usiiache. Nanyi ndugu zangu, niliwasema vibaya nanyi hamkujua. Mnisamehe. Asanteni kwa kumrudia mwanangu, na asanteni kwa kunivumilia hadi neno la mwisho.